Binti unayetaka kazi ya fedha: tafuta mlezi kwanza, ufadhili baadaye

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa mabinti na wazazi wao, na karibu wote wanauliza jambo moja: "Dada, kuna ufadhili gani wa uhasibu?" Mimi ni mkaguzi wa ndani katika kampuni ya bima hapa Dar es Salaam, nina CPA (sifa ya mhasibu aliyethibitishwa na bodi ya taaluma yetu), na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwashika mkono wasichana wa vyuo wanaotaka kuingia kwenye uhasibu, benki, bima na masoko ya mitaji. Kabla ya kutaja mfuko wowote huwa nauliza: nani anakulea kitaaluma? Wengi hawana mtu.

Hapo ndipo nafasi zinapopotea. Fedha za ufadhili ni chache, na zilizopo humwendea aliyejua tarehe mapema, ambaye vyeti vyake vimenyooka, na aliyepata mtu wa kumwandikia barua yenye jambo ndani yake. Vyote hivyo humpata kwa urahisi zaidi binti mwenye mlezi. Ndiyo maana nakuomba uanze huko, hata kama leo shida yako kubwa ni ada.

Mlezi ni nani, na anapatikana wapi

Wasichana wengi wakisikia habari ya mlezi au menta, akili inakwenda kwa wakubwa. Ni vizuri kuwatazama. Zakia Meghji alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 2006. Ruth Zaipuna alikabidhiwa uongozi wa Benki ya NMB mwaka 2020 akitokea kwenye kiti cha afisa mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo. Somo kwenye safari yake ni kwamba kazi ya hesabu, ikifanywa vizuri, inafikisha mtu kwenye kiti cha juu kabisa. Lakini watu wa ngazi hiyo hawana nafasi ya kukusomea barua yako Jumanne usiku. Anayeweza ni dada aliyekutangulia miaka michache tu: aliyemaliza chuo, ameanza mitihani ya bodi, bado anakumbuka fomu ya mkopo ilivyomsumbua.

Huyo utampata wapi? Kama uko chuoni, aliyekusimamia ulipofanya fildi ni wa kwanza kumfikiria, maana amekuona ukifanya kazi. Kuna Chama cha Wanawake Wahasibu Tanzania, TAWCA, na kwenye mikutano yake unawaona wanawake wa ngazi zote wa taaluma hii wamekaa chumba kimoja. Kuna wahadhiri. Kama ulisoma sekondari kwa msaada wa CAMFED, shirika linalosomesha wasichana, basi tayari una mtandao wa wenzako waliotangulia, na wengine wako makazini sasa. Na kama uko wilayani, usidhani kila kitu kiko Dar. Mhasibu wa halmashauri, mhasibu wa hospitali ya wilaya, afisa mikopo wa tawi la benki, meneja wa SACCOS ya walimu: hawa wanaijua kazi, na mara nyingi hakuna binti aliyewahi kuwafuata kuwauliza.

Namna ya kuomba ina uzito. Ujumbe wa "Mambo dada, naomba uwe mentor wangu" naupokea mara nyingi, na sijui niufanyie nini, kwa sababu mtu ananiomba ahadi ya miaka kabla sijamjua. Soma huu, ambao binti mmoja wa mwaka wa pili aliniandikia:

"Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili uhasibu. Ulipozungumza chuoni kwetu ulisema tujifunze kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha. Nimechukua hesabu za mwaka za kampuni moja iliyoorodheshwa soko la hisa, nimezisoma, nimekwama sehemu moja: faida imepanda lakini fedha taslimu zimepungua. Naomba dakika ishirini zako wiki hii au ijayo, kwa simu au ofisini, unionyeshe ambacho sijakiona."

Nilimjibu siku hiyohiyo. Amesalimia kwa adabu, ameshafanya kazi kabla ya kuomba, na ombi lake ni dogo na lina mwisho. Kumbe kampuni ile iliuza kwa mkopo zaidi mwaka ule, wadaiwa wakaongezeka, fedha hazijaingia. Tulilimaliza kwa simu, na mwisho akauliza kama anaweza kunitafuta tena akikwama. Malezi mengi mazuri ninayoyajua yalianza hivyo, bila mtu kutangaza kuwa sasa wewe ni mlezi wangu.

Usipojibiwa, subiri wiki moja, kumbusha mara moja kwa heshima, kisha mfuate mwingine. Ukimya wa mtu mwenye kazi nyingi usiuchukue kuwa dharau.

Mkikutana mfanye nini

Saa moja kwa mwezi inatosha, mradi binti anakuja na kitu mkononi. Mazungumzo ya "jitahidi, usikate tamaa" yana mahali pake, ila hayamsaidii mtu kwenye usaili.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Mabenki yetu huchapisha taarifa zao za fedha kila robo mwaka, magazetini na kwenye tovuti zao. Tunachukua za benki mbili, robo ileile, tunaziweka sambamba. Namwambia binti aanze na mstari wa mikopo, aende kwenye amana, kisha atafute uwiano wa mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, ambao Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5. Halafu nauliza: mikopo ya benki hii imekua haraka kuliko amana zake, fedha za kukopesha zimetoka wapi? Anarudi upande wa madeni, anashuka mstari kwa mstari, anakuta benki imekopa kwenye mabenki mengine. Nauliza tena: hilo limegusa nini kwenye mapato na matumizi? Anakwenda kwenye gharama ya riba, anaona imepanda, anaangalia faida. Hapo uso unabadilika. Ameona kwamba namba zinasimulia habari moja kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na kwamba yeye anaweza kuisoma habari hiyo.

Binti aliyefanya zoezi hilo mara kadhaa haendi kwenye usaili wa benki akiwa na maneno ya kukariri. Akiulizwa "unaijuaje benki yetu?" ana la kusema, na wanaomsaili wanalijua.

Mambo mengine ya kufanya na mlezi: kujifunza Excel kwa kazi halisi badala ya kozi ya cheti tu (chukua taarifa ya benki ya kikundi au duka dogo, uilinganishe na daftari la fedha hadi tofauti zote zipate maelezo), kushiriki shindano la wanafunzi la Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambapo mnanunua na kuuza hisa kwa mtaji wa kufikirika, na kufanya usaili wa majaribio, kwa sauti, mkiwa mmekaa mnatazamana. Hili la mwisho wasichana wetu wanalihitaji sana. Tumelelewa kuinamisha macho na kusema kwa sauti ya chini mbele ya wakubwa. Adabu hiyo ni nzuri, nisingependa ipotee, lakini mtu anaweza kuwa na adabu na bado akasema "mimi niliongoza hesabu za kikundi hiki" kwa sauti inayosikika upande wa pili wa meza.

Njia ya masomo, kwa kifupi

Hisabati usiikimbie. Ukiwa kidato cha tatu au cha nne, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ninayoyasema hapa. Tahasusi za ECA (uchumi, biashara na uhasibu) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) ndizo wengi wanazopitia. Anayependa hisabati ya juu atazame pia sayansi ya akchuaria, yaani hesabu za kukadiria hatari kwenye bima, ambayo inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Sisi wa bima tunawatafuta watu hao kwa tochi. Kama kidato cha sita hukukipata au matokeo hayakutosha, IFM, Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Uhasibu Arusha zote zina astashahada na stashahada zinazokupandisha hadi shahada. Nimefanya kazi na wakaguzi hodari waliopita huko.

Ukishapata shahada ya uhasibu, mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hufanyika Mei na Novemba, na wewe huanzii ngazi ya chini kabisa. Kufaulu mitihani pekee hakukufanyi CPA kamili, kuna miaka mitatu ya uzoefu wa kazi inayotakiwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata yenye mshahara mdogo, ihesabu kama sehemu ya masomo.

Ufadhili: anza na karatasi

Kila nikikaa na binti kuhusu ufadhili, tunaanza na bahasha ya vyeti. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita, kitambulisho au namba ya NIDA, vyote mezani. Tunaangalia majina herufi kwa herufi. Cheti kimoja kinasema Ally, kingine Ali. Kimoja kina majina matatu, kingine mawili. Mtaani hiyo ni tofauti ndogo, lakini kwenye mfumo wa maombi huyo ni mtu mwingine. Marekebisho yanahitaji kiapo cha majina kwa wakili, wakati mwingine safari ya RITA wanaosajili vizazi na vifo, au NIDA wa vitambulisho vya taifa, na hayo yote yanachukua wiki nyingi. Fanya hayo kabla ya matokeo kutoka. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji pia kuhakikiwa na RITA kabla ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Aliyefiwa na mzazi awe na cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile, na kama kaya yenu inasaidiwa na TASAF, tafuta uthibitisho wake mapema. Sahihi ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji nayo usiiache siku ya mwisho, kwani mwenyekiti naye husafiri.

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ndio mlango mpana zaidi, na dirisha lake hufunguliwa katikati ya mwaka. Wapo wazazi wanaouogopa kwa sababu ni deni. Nawaambia ukweli: ni deni, na ukianza kazi ya mshahara utakatwa asilimia 15 kila mwezi hadi liishe. Lakini ile tozo ya kutunza thamani iliyokuwa ikilivimbisha deni ilifutwa 2021, kwa hiyo hesabu yake sasa inaeleweka. Kukaa nyumbani miaka mitatu ukisubiri ufadhili wa bure ni ghali zaidi ya hapo.

Ufadhili usiolipwa upo pia. Benki Kuu ina Mfuko wa Ufadhili wa Kumbukumbu ya Mwalimu Julius K. Nyerere, ulioanzishwa 2009 kwa ajili ya wanafunzi waliofaulu vizuri sana. Ulianza na mkazo kwa wasichana wa hisabati na sayansi, kisha ukafika kwenye uchumi, teknolojia ya habari, uhasibu na fedha. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno, kwa sababu sifa za shahada ya kwanza na za uzamili hazifanani. Samia Scholarship, iliyoanza 2022, ni ya waliong'ara kwenye tahasusi za sayansi, kwa hiyo uliyesoma ECA usipoteze usiku wako huko. Mastercard Foundation hufadhili wanafunzi kupitia vyuo washirika, vikiwemo Makerere, USIU-Africa ya Nairobi na Ashesi ya Ghana, na unaomba kupitia chuo chenyewe.

Kwa uzamili, Chevening ya Uingereza inalipia mwaka mzima wa masomo, lakini inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili angalau. Dirisha lake hufunguliwa Agosti. Anayelenga uwekezaji na masoko ya mitaji aangalie CFA, sifa ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, yenye ngazi tatu za mitihani. Taasisi inayoiendesha ina ufadhili wa wanawake unaopunguza gharama za mtihani, na nawashangaa wanaojisajili kwa bei kamili bila hata kuuulizia.

Barua inayosomwa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona mabinti wenye uwezo wakiachwa.

Binti mmoja wa Mwanza aliniletea barua yake ya maombi. Ilianza hivi: "Mimi ni binti mwenye bidii, nidhamu na ndoto kubwa, ninayetoka familia ya hali ya chini." Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na hata moja haikuwa yake. Nilimwuliza mama yake anafanya nini. Anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Je, wewe umewahi kushika hesabu yoyote? Akasema hapana, ila daftari la VICOBA ya mama.

Ila! Nikamwambia aandike hilo kwanza, kwa Kiswahili, kama anavyonisimulia. Akaandika: "Nilipokuwa kidato cha tatu, mwandishi wa kikundi cha mama alihama, nikapewa daftari. Wanachama walikuwa 24, hisa moja shilingi 2,000. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu na funguo zilikaa kwa watu watatu. Siku ya mgao fedha zilipungua shilingi 36,000 kuliko daftari, na mama mmoja akaanza kutazamwa vibaya. Niliomba muda, nikapitia kurasa zote, nikakuta rejesho moja la mkopo limeandikwa mara mbili, wiki mbili mfululizo. Fedha hazikuibiwa. Tangu siku ile niliomba kila rejesho lisainiwe na mlipaji."

Mtu anayesoma maombi mia tatu anasimama hapo. Ameona ukaguzi, ameona udhibiti wa ndani, ameona binti aliyelinda heshima ya mtu kwa kutumia namba, bila neno "bidii" kutajwa. Fomu nyingi zinajazwa kwa Kiingereza, lakini ushauri wangu ni uandike kwanza kwa lugha unayoiota, habari ikae sawa, ndipo uitafsiri na mlezi wako akusaidie kupitia sarufi.

Barua ya mapendekezo nayo inataka maandalizi. Mwombe mtu wiki tatu kabla, mpe matokeo yako, tangazo la ufadhili, tarehe ya mwisho, na mambo mawili uliyoyafanya mbele ya macho yake. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili hakukumbuki bila msaada wako, na akikuandikia "ni mwanafunzi mzuri" hajakusaidia kitu.

Jilinde

Ufadhili wa kweli hauombi pesa ya "kufungua faili" kwa M-Pesa. Ukiombwa, acha.

Na lipo jingine ambalo lazima niliseme wazi. Wapo wanaume wanaojiita walezi ilhali wana nia nyingine, na wapo wanaotaka mwili kwa ajili ya fildi, alama au barua. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Tunza ujumbe wote, usifute. Mweleze mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Kutana na mlezi yeyote ofisini saa za kazi au mahali penye watu, na mlezi mwema hatakasirika ukisema unakuja na mwenzako. Wapo wanaume wengi waadilifu waliowalea wasichana kwenye taaluma hii, nami ni mmoja wa waliolelewa hivyo. Hawajawahi kuhitaji mlango ufungwe.

Kwenu dada zangu mlioko makazini

Usisubiri uwe mkuu wa idara. Kama una miaka mitatu kazini, kuna binti anayehitaji unachokijua sasa hivi, kabla hujakisahau. Mchukue mmoja, wawili wakizidi. Mwambieni mapema mtakutana lini na kwa muda gani, ili asione haya kukutafuta nawe usichoke.

Ofisini kwetu wanawake wa fedha na ukaguzi tunachangia kidogo kila mwezi kwa ajili ya ada za mitihani ya bodi. Mchango haupiti mkononi mwa mtu: unalipwa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mtahiniwa, stakabadhi inawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na binti anatuletea matokeo yake, amefaulu au hajafaulu. Aliyefeli somo hatumwondoi. Tunakaa naye, tunaangalia lipi limemshinda na kwa nini, halafu anajisajili tena Novemba.